Baba Hakutaka Mbao za Melchior

Katika shirika letu hapa Butembo, yaani majirani tunaosali pamoja na kuzikana, Papa Salomon, kiongozi wetu, akifundisha juu ya huruma hutoa mfano wa baba yangu. Husema kwamba marehemu Syauswa alilala kitandani bila nguvu ya miguu, na mtu aliyekosana naye akawa anakuja kumwogesha na kumgeuza hadi siku ya mwisho, na kwamba wawili hao wakapatana kama ndugu. Watu huitika amina. Mimi hunyamaza, kwa sababu haifai kubishana katikati ya sala. Lakini mimi ndiye niliyeshika upande wa pili wa shuka tulilomgeuzia, na ninajua kwamba hawakupatana. Naandika ili wajukuu wa baba wasije wakafundishwa uongo.

Baba alikuwa mpasua mbao. Alizaliwa kwenye vilima vya kusini, karibu na Kanyabayonga, ambako mashamba yaligawanywa na kugawanywa mpaka yeye, mtoto wa mwisho, hakubakiziwa hata pa kupanda viazi. Akapanda lori la mizigo, akaenda kwenye msitu wa upande wa Mangina, na huko akajifunza msumeno mrefu wa watu wawili. Kazi hiyo iko hivi. Gogo linalazwa juu ya shimo, linabanwa kwa kabari lisitingishike. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anashuka shimoni. Wa juu anafuata mstari uliopigwa kwa uzi uliopakwa weusi wa mawe ya redio, yaani betri zilizokwisha. Wa chini anavuta, na unga wa mbao unamwangukia machoni. Wa chini haoni mstari, anamwamini wa juu. Na wa juu naye anakanyaga gogo lililobanwa na wa chini, kwa sababu kupiga kabari ni kazi ya wa chini.

Baba alikuwa wa chini. Wa juu alikuwa Melchior. Walianza pamoja wakiwa vijana, wakajenga katika mtaa mmoja hapa mjini, na mama yangu alipofariki walipasua pamoja mbao za sanduku lake. Wapasuaji wana desturi yao: mwenzako wa msumeno akifa, mbao za sanduku lake unazipasua wewe, hazinunuliwi sokoni. Wenye maiti wakizikataa, hakuna mpasuaji mwingine atakayeshuka shimoni chini yako. Wataona kuna jambo ulilomfanyia mwenzako. Hawaulizi ni jambo gani. Hawashuki tu.

Katika vita ya pili msitu ulijaa watu wenye bunduki wa kila namna. Mai-Mai, wapiganaji wa vijijini, walipita kambini kutafuta chumvi na maharagi, na askari wa waasi waliotawala mji wakaja nyuma yao kuuliza nani amewapa. Chumvi aliitoa Melchior. Baba alikuwa amemkataza. Siku askari walipofika, baba alikuwa shimoni anavuta na Melchior alikuwa juu ya gogo.

"Nani analishaka Mai-Mai hapa?" mkubwa wao akauliza.

Melchior akanyoosha kidole chini, katikati ya miguu yake. "Ni huyu wa chini."

Hawakumpiga baba risasi. Walimwambia Melchior aruke pembeni, wakang'oa kabari kwa mateke, na gogo la mti wa libuyu lililokuwa limepasuliwa nusu likamwangukia baba mgongoni mle shimoni.

Melchior ndiye aliyekata miti ya kipoyi, yaani machela, na kumbeba pamoja na wengine hadi barabarani. Hilo simnyimi. Lakini njiani, baba akiwa amezimia, aliwaambia wabebaji kwamba gogo liliteleza kwa sababu Syauswa hakupiga kabari vizuri. Maneno hayo yalifika kwenye soko la mbao la Butembo kabla ya baba kufumbua macho. Alipoweza kusema, alisema ukweli. Nani angemwamini? Wapasuaji walikuja hospitalini, wakamtikisia vichwa kwa huruma. Walisema mzee ana homa, anatafuta wa kumtupia kosa lake.

"Mugongo, sawa, ni vita," baba aliniambia. "Batu bengi vita imebavunja. Lakini mi? Miaka yote ile, mi sikujua kupiga kabari?"

Hospitali ilipoona imemaliza yake, ilituambia tumrudishe nyumbani. Niliacha kufundisha darasa la tatu, nikahamia chumbani kwake. Aliyetusaidia ni Mama Ngalula, infirmière, yaani muuguzi, kutoka Kasai, ambaye serikali ilimleta huku kabla ya vita kisha ikamsahau pamoja na mshahara wake. Alipanda kilima chetu kwa miguu, na mkoba wake begani, hata siku za mvua. Mara ya kwanza alimtazama baba mgongoni, akamfunika, akamwambia neno la mzaha juu ya ndevu zake, kisha akanivuta mpaka kwenye njia ya nje.

"Séphora, nitakuambia sawa mutu mukubwa. Papa hatapona. Figo zinaenda, na vidonda viko vinakula mupaka ku mufupa. Sasa kazi yetu haiko kumuponyesha tena. Kazi yetu ni asiumie sana, asinuke, asibakie peke yake. Unaelewa?"

"Ninaelewa, Mama."

"Donc lia hapa, ku njia. Kule ndani uko na kazi."

Nikalia pale, yeye akiwa amenishikia mwavuli. Halafu akanifundisha. Maji yaliyochemshwa na chumvi, kisha asali kwenye vidonda. Shitingi, lile turubai la plastiki, chini ya shuka. Uji kwa kijiko kidogo, na kuacha akikataa, bila kumlazimisha. Dawa za maumivu zilikuwa chache kwa sababu barabara zilifungwa kila mara, kwa hiyo dawa kubwa ilikuwa kumgeuza mara kwa mara. Na kumgeuza kulitaka watu wawili: shuka lililokunjwa linapitishwa chini ya mgonjwa, mmoja huku, mwingine kule, na wote wanavuta kwa wakati mmoja. Mmoja akitangulia, ngozi inachanika.

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kaka yangu Jacob alikuwa amekimbilia Uganda kwa sababu askari walikuwa wakiwakamata vijana. Na kwetu binti haoni uchi wa baba yake. Kula na kunywa ningempa, lakini kumwogesha chini ya kiuno kulitaka mwanamume. Wanaume wa shirika walikuja mwanzoni, wakasali vizuri sana, wakashika shuka mara mbili au tatu. Kisha harufu ya vidonda ikawashinda, kila mmoja akapata safari ya kwenda shambani.

Ndipo Melchior akaja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Nilitaka kumfungia mlango usoni.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Ni Melchior."

Baba akageuza uso kuelekea mlangoni. "Aingie."

Melchior akamwogesha, akasafisha vidonda bila kugeuza uso. Kisha akaniita, nikashika upande wangu wa shuka. Tulivuta pamoja, na baba hakulia. Ilikuwa mara ya kwanza ageuzwe bila kulia. Melchior alipoondoka, nilishindwa kuzuia hasira.

"Baba, huyu mutu njo alikuua!"

"Mi najua. Na mikono yake mi najua. Nilivuta naye maisha yote, hatanguliake, hachelewake. Unataka nimukatalie, vidonda vifurahi?"

"Basi umemusamehe."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Atumike kwanza."

Siku chache baadaye, akiwa anapakwa asali, baba mwenyewe alianzisha neno.

"Melchior, unataka kupasula mbao zangu?"

Mikono ya Melchior ilisimama. "Ndugu yangu, njo kitu ninaomba Mungu kila siku."

"Sawa. Utasimama mbele ya shirika, na bapasulaji bakiwa pale. Utasema nani alionyesha kidole, na nani aling'oa kabari. Ukishasema, enda pasula."

"Balikuwa na bunduki, Syauswa. Ningefanya nini?"

"Kule ku msitu, ndiyo, balikuwa na bunduki. Na huku ku soko, wakati ulisema mi sijui kabari, nani alikushikia bunduki?"

Melchior alichukua ndoo, akaenda kumwaga maji.

Hilo ndilo alilotakiwa, sentensi moja mbele ya watu. Hakuisema. Alidhani kwamba akifanya kazi sana, kazi itasema badala yake. Na alifanya kazi, siwezi kusema vinginevyo. Alikuja kila asubuhi kabla ya ukungu kuondoka kilimani. Alifua mashuka yaliyonishinda mimi. Alimnyoa baba ndevu, akamkata kucha, akampasha miguu joto kwa kitambaa kilichowekwa juu ya babula, jiko letu la makaa, ingawa baba hakuisikia miguu hiyo. Majirani waliona, wakaanza kumwita Msamaria. Mimi nilikaa pembeni na rozari, nikimwomba Bikira Maria msumeno umng'ate vidole. Nilijua kwamba nia hiyo haifai kwa rozari. Nikaendelea.

Kipindi cha Kwaresima Melchior alipotea kidogo, kisha akarudi na mbao za libuyu nyuma ya lori. Alikuwa amezipasua na mgeni mmoja asiyejua desturi, bila kuruhusiwa na mtu. Alizipanga uani kwetu, na vijiti katikati ili hewa ipite zikauke. Wanawake waliokuwa wakipita walipiga vigelegele. Niliingia kumwambia baba.

"Zimepasuliwa namuna gani?" akauliza.

Ningetaka kusema vibaya. "Sawasawa kabisa, Baba. Zote unene mumoja."

"Najua. Iko na jicho, ule mubaya." Akafumba macho. "Ziache zikauke."

Baada ya Pasaka baba alianza kuvimba uso. Mama Ngalula akasema niite watu ambao anapaswa kuwaona. Padri alikuja kwanza kwa ajili ya kitubio na Mpako wa wagonjwa. Nilisubiri nje, lakini kuta zetu ni za mbao, na baba hakujua kunong'ona.

"Padri, sitaki kuingia moto ju ya Melchior!" nilimsikia. "Nimemuachia Mungu. Amufanye vile anataka, sitamuuliza. Mais mbao zake, hapana!"

Padri alitoka akijifuta paji la uso, akaomba maji ya kunywa.

Jioni ile shirika lilikusanyika. Papa Salomon aliongoza sala, na wapasuaji walikuwepo, pamoja na mkubwa wao, mzee Kamate. Chumba kilijaa mpaka wengine wakasimama dirishani. Baba aliomba tumwinue kidogo. Melchior akashika upande wake, mimi wangu.

"Melchior," baba akasema, "shirika njo hii. Bapasulaji njo hawa. Sema."

Melchior alipangusa mikono kwenye suruali. Alitazama chini, akamtazama Kamate, akatazama tena chini. "Ndugu zangu," akasema, "kama kuna fasi nilimukosea Syauswa, anisamehe."

Papa Salomon akapumua kwa furaha. "Amina! Munaona..."

"Kama," baba akasema.

"Namuna gani, Papa Syauswa?" Papa Salomon akauliza.

"Amesema kama. Séphora, umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Basi, munizike na mukeka na blanketi yangu. Sitaki sanduku."

Watu wakanong'ona. Papa Salomon alikuwa amekasirika. "Mukristu mwenye watoto, kwa mukeka? Na mbao ziko pale inje, zimeshakauka? Ni haya kwa shirika muzima!"

"Yesu walimufunga na kitambaa," baba akasema. "Wewe umemupita Yesu?"

Hata Kamate alificha mdomo. Lakini Melchior hakucheka. Na keshoye asubuhi akaja tena na ndoo yake kama kawaida. Sijui alifikiri nini. Labda alifikiri baba atalegea akizidiwa. Baba alimpokea, akamwachia mgongo. "Sukula vizuri," akamwambia. Aliogeshwa na Melchior siku zote zilizobaki, hakumwambia tena hata neno moja juu ya mbao, na nilimwona akifurahia. Hicho ndicho Papa Salomon anachokiita kupatana.

Baba alikufa asubuhi ya siku ya soko. Mama Ngalula alikuwa amenionyesha jinsi ya kulowesha pamba na kumpaka midomoni akishindwa kunywa. Nilikuwa nikifanya hivyo, Melchior ameshika kichwa chake kisirudi nyuma, na pumzi ikakaa mbali, ikarudi, kisha haikurudi. Melchior alianza kulia kwa sauti kubwa. Nikamwambia atoke nje, kwa sababu nilitaka kulia peke yangu na baba yangu.

Kabla ya saa sita uani palijaa. Wanawake walikuwa wamewasha moto, wanaume wamekaa kwenye benchi za shirika. Wapasuaji walikuja na nyundo na misumari, na Melchior alikuwa amekwisha kubeba mbao mbili mpaka katikati ya uwanja, akizipima kwa mkono. Nilitoka na mkeka mpya mikononi.

"Papa Melchior, rudisha mbao pale. Baba alisema mukeka."

Papa Salomon akanijia haraka. "Séphora, mgonjwa anasema mengi. Mutoto mwanamuke ataamuru mazishi ya shirika?"

"Si mi niliamuru. Ulikuwa ndani, Papa Salomon. Ulisikia sawa mimi."

Mzee Kamate aliinua mkono. Siku ile ya sala alicheka, lakini sasa uso wake ulikuwa mwingine. "Binti, ujibu vizuri. Baba yako alikatala sanduku, ao alikatala mbao za huyu mutu?"

"Za huyu mutu."

Aliyekuwa ameshika nyundo aliiweka chini. Wapasuaji wawili waliokuwa benchi moja na Melchior walisimama, wakaenda kukaa kwingine. Melchior aliwaona wakihama. Alikuwa na ubao begani, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeona gogo likianza kutingishika.

"Ni mimi!" akapiga kelele. "Munisikie! Ni mimi nilipatia Mai-Mai chumvi! Ni mimi nilionyesha Syauswa kidole! Askari njo baling'oa kabari, ilikuwa imepigwa vizuri, hakuna mutu alipigaka kabari sawa yeye! Nilidanganya kwa soko ju niliogopa! Nimesema! Séphora, nimesema sasa, mbele ya bote!"

Mwanamke mmoja akasema "Yesu wangu" polepole. Mimi niliujua ukweli huo toka mwanzo, lakini ilikuwa mara yangu ya kwanza kuusikia ukitoka kinywani mwake.

"Amesema, binti," mzee Kamate akaniambia. "Baba yako aliomba aseme. Sasa ni wewe."

Wote wakanitazama. Najua walichotaka. Papa Salomon alikuwa tayari ameshika rozari yake kwa furaha. Na ningeweza, kwa kuwa sharti lilikuwa limetimizwa, na libuyu ni mbao ya heshima ambayo baba aliipenda kuliko zote. Lakini nilikuwa nimeona asubuhi zote zile. Baba alikuwa mikononi mwa Melchior, sikio la baba karibu na mdomo wa Melchior, naye angeweza hata kumnong'oneza, kisha amnong'oneze Kamate. Alisubiri mpaka alipoona wenzake wakihama benchi.

"Papa Melchior," nikasema, "ulikuwa unashika kichwa cha baba asubuhi ya leo. Alikuwa anasikia. Ju ya nini haukusema?"

Akashusha ubao kutoka begani.

"Umesema ju ya musumeno wako. Haukusema ju ya baba. Mukeka."

Mzee Kamate aliinamisha kichwa, kisha akaja mwenyewe kunisaidia kukunjua mkeka. Tulimzika baba na blanketi yake ya bluu, rozari ya mama ikiwa vidoleni. Padri alisali sala zote, haikupungua hata moja. Kaburini wapasuaji walitupa udongo mmoja mmoja, na kila mmoja alisema kwa sauti, ili Melchior asikie: "Syauswa, fundi wa kabari." Melchior alisimama nyuma, karibu na mashina ya migomba.

Tuliporudi, mvua ilikuwa imelowesha kuni. Maharagi ya wageni yalikuwa hayajaiva na moshi ulijaa uani kote. Nikamwambia Mama Kasika, jirani yetu aliyeongoza jikoni, achukue zile mbao.

"Zipi? Séphora, ile ni libuyu!"

"Najua, Mama. Imekauka vizuri."

Alisita, kwa hiyo nikachukua shoka mimi mwenyewe. Mbao ya libuyu iliyonyooka hupasuka kirahisi sana ukiifuata mishipa yake. Nilizipasua zote, nikazipeleka chini ya sufuria kubwa, na moto ukashika, mwekundu, bila moshi. Papa Salomon aliondoka bila kuaga. Mama Ngalula, aliyekuwa amekaa na mkoba wake magotini, alinitazama, kisha akaja kunisaidia kusukuma vipande ndani.

Maharagi yalipoiva tukapakua. Melchior alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi iliyohamwa, kwa sababu kwetu mtu haondoki kwenye kilio kabla ya kula. Nilijaza sahani yake mimi mwenyewe, nikaongeza na mwiko wa pili, nikampelekea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Kula, Papa," nikamwambia. "Iko moto."

Akapokea. Alitazama sahani, akatazama jiko, ambako kipande cha mwisho cha ubao wake kilikuwa bado kinaonyesha ule mstari mweusi wa mawe ya redio. Watu wote walikuwa wanamwangalia. Akaanza kula, na mimi nikasimama pale mpaka alipomaliza.